Maji ya Ruvu yakishatumika Dar, huenda wapi?

Mwishoni mwa Oktoba 2022, dumu la maji lilikuwa gumzo la kila baraza jijini Dar es Salaam. Ukame ulikuwa umeupunguza Mto Ruvu, tegemeo kuu la jiji hilo, hadi uzalishaji wa maji ukashuka kufikia takriban lita milioni 300 kwa siku. Mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza ratiba ya mgawo. Mikokoteni iliyosheheni madumu ya njano ikaonekana hata katika mitaa ambayo wakazi wake walikuwa wameshasahau namna ya kubeba ndoo kichwani. Mwenye simtangi alihesabiwa bahati, mwenye kisima alipata marafiki wapya.

Serikali haikulala. Novemba ya mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa visima virefu vya Kigamboni, wenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku. Mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, wazo lililokuwa likizungumzwa tangu babu wa vijana wa leo wakiwa vijana, nao ukatiwa saini. Bwawa hilo linakusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili Ruvu isikauke tena jiji likiwa na kiu.

Lakini hata katika wiki zile za shida, lita milioni 300 zilikuwa zikiingia mjini kila siku. Tuseme theluthi nzima ilimwagika njiani kupitia mabomba yaliyotoboka. Zinabaki milioni 200. Wahandisi hukadiria kuwa asilimia 80 ya maji yanayomfikia mtumiaji hugeuka majitaka: ya kuogea, ya kufulia, ya vyombo, ya chooni. Hizo ni lita milioni 160 kwa siku, sawa na maboza 16,000 yenye lita 10,000 kila moja. Na mtandao wa mabomba ya majitaka unahudumia takriban mkazi mmoja kati ya kumi.

Maboza mengine humwagwa wapi?

Mto mmoja, wanywaji milioni tano

Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika 300,000. Ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Katika miaka hiyo 55 jiji limekua mara kumi na nane na zaidi, na kila hatua ya ukuaji huo imesukumwa na swali moja: maji yatatoka wapi?

Jibu limekuwa Ruvu kila mara. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa 1959. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulifuata katikati ya miaka ya 1970. Mtambo mdogo wa Mtoni unaochota Mto Kizinga uliachwa uendelee na kazi yake, lakini uzito wote ulihamia Ruvu. Katika mitambo hiyo maji ya mto, yenye rangi ya chai ya maziwa wakati wa masika, hutiwa shabu ili udongo ugandamane na kuzama, yakapitishwa kwenye machujio ya mchanga, kisha yakatiwa klorini na kusukumwa makumi ya kilomita hadi kwenye matangi ya jiji. Ni kazi inayokula umeme na kemikali usiku na mchana.

Katika muongo uliopita mitambo yote miwili ilipanuliwa. Ruvu Chini, kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, ilitoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Ruvu Juu, kwa mkopo wa India, ilitoka milioni 82 hadi milioni 196. Kwa mkazi wa Kimara au Mbezi aliyezoea bomba linalotoa upepo, tofauti ilionekana kwa macho.

Njia haikuwa nyoofu. Agosti 2003 huduma ya maji ya jiji ilikabidhiwa kampuni binafsi, City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, haukufika miwili. Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja, Serikali ikilalamika kwamba kampuni haikutimiza ilichoahidi. Kesi zilifika London na mbele ya baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. London, Tanzania ilishinda na kupewa fidia. Baraza la Benki ya Dunia, mwaka 2008, lilisema Serikali ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini halikuipa Biwater hata senti ya fidia. Kazi ilirudi kwa shirika la umma, DAWASCO, ambalo mwaka 2018 liliunganishwa na DAWASA.

Ukisoma mabishano yale ya miaka ya 2000, kwenye magazeti na kwenye vijiwe, yanahusu bomba linaloingia: nani alimiliki, nani alipie, kwa nini halitoi. Bomba linalotoka halikuwa na wa kuligombania.

Maji ya chumvi na shimo la jirani

Asiyefikiwa na Ruvu huchimba. Baada ya ukame wa 1997 visima viliongezeka kwa kasi jijini, vingine vya Serikali, vingi vya watu binafsi. Leo katika mitaa ya Mbagala, Tandika au Gongo la Mboto mazungumzo ya nyumbani hutofautisha maji mawili: ya DAWASA, ya kunywa na kupikia, na ya chumvi, ya kufulia, kuogea na kudekia. Mpangaji anayetafuta chumba huuliza kodi, umeme, halafu maji: ni ya bomba au ya chumvi?

Chumvi ina sababu zake. Kadiri visima vinavyovuta maji chini ya ardhi karibu na pwani, ndivyo bahari inavyosogea kuziba pengo. Ulimi huijua chumvi kwa funda moja. Kisichoonjeka ni kile kinachotoka upande wa pili, kwenye choo.

Dar es Salaam kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mchanga, na choo cha kawaida katika mitaa isiyopimwa ni shimo lililozungushiwa matofali, matairi au mapipa, ambalo chini liko wazi kwa makusudi ili maji yanywee ardhini. Mchanga huchuja vijidudu vingi, mradi uwepo mchanga wa kutosha na muda wa kutosha. Ndiyo maana wataalamu wa afya hushauri kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni. Kwenye kiwanja chenye nyumba ya vyumba sita, ua mwembamba na choo nyuma, na jirani mwenye mpangilio uleule kwa upande wa pili wa ukuta, mita 30 hukuta vyoo vitatu au vinne. Mwenye nyumba anaweza kuheshimu kanuni kwa choo chake na bado akachota cha jirani.

Klorini au jiko vitaua vijidudu. Havitaondoa naitreti, chumvi inayotokana na mkojo na kinyesi kilichooza, ambayo ikizidi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo. Maji yakichemshwa, naitreti huongezeka ukali, kwa kuwa maji hupungua na yenyewe hubaki.

Choo kikijaa

Kila shimo lina siku yake ya kujaa, na siku hiyo mwenye nyumba hupiga hesabu. Jibu la kwanza ni gari la majitaka. Gari linataka barabara, na mipira yake ya kunyonya ina urefu wake. Likikwama kwenye kona ya kwanza ya uchochoro, safari imeishia hapo. Likifika, huenda likanyonya maji ya juu tu, kwa sababu chini ya shimo kuna tope gumu lililochanganyika na matambara, chupa, nywele na nepi. Mteja hulipia tripu nzima na baada ya miezi michache hali ni ileile. Baada ya hapo gari linatakiwa lipite kwenye foleni za jiji hadi kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Kila saa kwenye foleni ni dizeli, na kila dereva anajua mfereji ulio karibu zaidi kuliko bwawa.

La pili ni vijana wa kazi hiyo. Huja usiku, wakiwa na majembe, ndoo, mafuta ya taa ya kupunguza harufu na mara nyingi bila glavu. Huvunja sakafu ya choo, hushuka shimoni, huchimba shimo jingine uani na kuhamishia humo kinyesi, kisha hufukia. Wanalipwa kwa ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha na kwa hatari ambayo hakuna bima inayoigusa: vioo, sindano, hewa chafu, kuta za shimo kuporomoka.

La tatu halilipiwi. Linaitwa kutapisha. Masika yakianza na maji kutiririka mitaani, ukuta wa choo hutobolewa kwa chini, au bomba lililowekwa tayari huzibuliwa, na kilichomo hutoka na mafuriko. Katika mitaa ya mabondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu sana hata vyoo hujengwa juu kwa ngazi kadhaa, kufanya hivyo ni rahisi mno: shimo limeshainuliwa, mvua inafanya kazi yote. Asubuhi watoto huvuka maji yaleyale kwenda shule.

Ni rahisi kumlaumu anayetapisha. Lakini amezungukwa na hesabu ambazo zote zinamwelekeza huko. Wataalamu waliliona jambo hili mapema. Kati ya 1988 na 1992 shirika la Uholanzi liitwalo WASTE lilitengeneza na kujaribu jijini Dar es Salaam mtambo mdogo wa mkono, MAPET: pampu ya kuzungusha kwa mikono na tangi la lita 200 lililofungwa kwenye mkokoteni unaopita vichochoroni. Vikundi vya vijana vilifanya kazi nao na wateja waliupenda. Vipuri vilipoanza kukosekana na mradi ulipokwisha, mikokoteni ilisimama mmoja baada ya mwingine. Baadaye kikaja Gulper, bomba la kuvuta tope kwa mkono lililobuniwa na Steven Sugden akiwa London, nalo likajaribiwa katika mitaa ya jiji hilo kwa msaada wa WaterAid. Vyombo vyote viwili vilithibitisha kuwa shimo la uchochoroni linaweza kuondolewa tope bila mtu kuingia ndani. Kilichobaki ni nani atanunua vipuri, na tope lipelekwe wapi.

Jua, mwani na wakati

Mahali rasmi pa kulipeleka ni mabwawa kama ya Vingunguti. Teknolojia yake inafaa nchi yenye jua jingi na umeme wa mashaka. Majitaka huingia kwanza kwenye bwawa lenye kina cha mita tatu au nne, ambako uchafu mzito huzama na bakteria wasiohitaji hewa huula. Kutoka hapo hupita kwenye bwawa la kina cha mita moja na nusu hivi, lenye maji ya kijani. Kijani hicho ni mwani, na mwani huzalisha oksijeni inayotumiwa na bakteria wengine kumalizia kazi. Mwisho ni mabwawa mapana ya kina kifupi, ambako miale ya jua huua vijidudu na mayai ya minyoo huzama. Hakuna mashine wala swichi. Maji hukaa humo siku nyingi, wiki kadhaa kwa ujumla, yakitembea polepole kutoka bwawa hadi bwawa.

Mfumo huu unadai vitu viwili: ardhi, na kuondolewa tope kila baada ya miaka kadhaa. Katika jiji ambalo kiwanja kina bei ya dhahabu, cha kwanza ni adimu. Cha pili ni kazi isiyopigwa picha wala kukatiwa utepe, kwa hiyo huahirishwa. Bwawa likijaa tope, maji hupita juujuu kwa siku chache badala ya wiki na hutoka karibu yalivyoingia. Ya Vingunguti hutokea Mto Msimbazi.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, unavuka bonde la Jangwani na kuingia baharini Selander. Njiani unapokea mengi: maji ya viwanda, damu na mabaki ya machinjio, takataka za masoko, na kila kilichotapishwa na masika. Kandokando yake kuna matuta ya mchicha na matembele yanayomwagiliwa kwa maji hayohayo na kufika sokoni asubuhi na mapema. Watafiti wamewahi kupima mboga za bonde hilo na kukuta madini mazito kama risasi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mradi mkubwa wa kuendeleza bonde la Msimbazi kwa ajili ya kudhibiti mafuriko, na familia nyingi zimelipwa fidia na kuhama. Mto utapanuliwa na kingo zake kuimarishwa. Ubora wa maji yatakayopita humo utaamuliwa na vyoo vya juu yake.

Katikati ya jiji kuna mabomba ya majitaka tangu enzi za ukoloni, na kwa miongo mingi yamemwaga moja kwa moja Bahari ya Hindi, upande wa Ocean Road, bila kutibiwa. Kwa hiyo hata aliyeunganishwa, mwenye bili na risiti, hana hakika kwamba uchafu wake umesafishwa. Umehamishwa tu.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni. Kwa mara nyingine hoja iligeukia mama lishe, matunda yaliyokatwa na wasionawa mikono. Ugonjwa ulienea karibu mikoa yote ya nchi, na hadi mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilikuwa imesajili wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Kipindupindu hakina njia ya ajabu. Kinatoka kinyesini na kinaingia mdomoni, na maji ni usafiri wake mkuu.

Kampala ilivyojimwagia

Kwa Dar es Salaam, bahati ya jiografia ni kwamba mto wa kunywa uko mbali na mto wa kumwaga. Ruvu haipokei vyoo vya Tandale. Kampala haina bahati hiyo, na ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi bili ya majitaka inavyoishia kwenye maji ya kunywa.

Maji ya mji mkuu wa Uganda yalichotwa kwa takriban karne moja kutoka Gaba, kwenye Ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Victoria. Mfereji wa Nakivubo, unaopita katikati ya mji kando ya masoko, karakana na viwanda, unaishia kwenye ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu kutoka bomba la kuchotea. Kilichoiokoa Kampala kwa miaka mingi ni kinamasi cha Nakivubo, msitu wa mafunjo uliochuja uchafu kabla haujafika ziwani. Mwaka 1999 wachumi wakiongozwa na Lucy Emerton walikadiria kuwa huduma ya kinamasi hicho ina thamani ya kati ya Dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, zaidi ya gharama ya kukilinda. Mafunjo yalizidi kukatwa ili kupanda magimbi na kujenga.

Ghuba ikageuka kijani. Mwani ulioneemeka kwa mbolea ya vyoo uliziba machujio ya Gaba, na kemikali za kusafishia zikahitajika zaidi mwaka hadi mwaka kwa lita zilezile. Hatimaye Shirika la Taifa la Maji la Uganda, NWSC, lilichukua hatua mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kujenga upya mtambo wa majitaka wa Bugolobi, uliozinduliwa 2021 ukiwa na uwezo wa lita milioni 45 kwa siku. Ya pili ni kukimbia: mtambo mpya wa maji ya kunywa ulijengwa Katosi, wilaya ya Mukono, mbali na ghuba ile, wenye uwezo wa lita milioni 160. Maji ya Katosi husukumwa makumi ya kilomita hadi Kampala, na kila kilomita ina nguzo zake za umeme na bili zake.

Mkazi wa Kampala aliyeona bili yake ya maji ikipanda hakupewa mstari wenye maneno "gharama za vyoo visivyotibiwa". Ulikuwemo, ndani ya bei ya klorini na ya umeme wa Katosi.

Wanaoyapa kazi ya pili

Moshi, chini ya Kilimanjaro, majitaka ya mji huteremka kwa mabomba hadi mabwawa ya Mabogini, kusini, ambako mteremko unafika tambarare na mpunga unaanza. Wakulima wa huko humwagilia kwa maji yanayotoka bwawani. Maji hayo yana naitrojeni na fosforasi, vitu vilevile ambavyo mkulima angevinunua kwenye mfuko wa mbolea dukani. Mabwawa ya aina hii yakisimamiwa vizuri, yakapimwa na wakulima wakavaa buti, yanafaa kabisa kwa zao linalopikwa kabla ya kuliwa. Mchicha unaooshwa harakaharaka ni habari nyingine, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa 2006 unaoeleza namna ya kupunguza hatari hatua kwa hatua, kutoka shambani hadi jikoni.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umefika mbali zaidi. Nchi ile ni kavu, na mto wa kudumu ulio karibu, Okavango, uko umbali wa takriban kilomita 700. Mwaka 1968 mji huo ulianza kusafisha majitaka yake hadi kuwa maji ya kunywa, wa kwanza duniani kufanya hivyo moja kwa moja. Mtambo mpya wa Goreangab uliofunguliwa 2002 una uwezo wa lita milioni 21 kwa siku na hutoa takriban robo ya mahitaji. Siri yake ilianza mbali na mtambo: maji ya viwandani yalitenganishwa na ya majumbani tangu mwanzo, kwa sababu kinyesi kinasafishika kirahisi kuliko rangi za nguo na dawa za ngozi. Kila hatua hupimwa, na maji yasiyofikia kiwango hayatoki.

Dar es Salaam haihitaji kunywa Msimbazi. Lakini Moshi na Windhoek zinaonyesha kwamba tofauti haiko katika utajiri peke yake. Moshi inatumia jua na udongo. Kilichofanyika pote pawili ni mtu mmoja, ofisi moja, kupewa dhamana ya maji mpaka mwisho wa safari yake, si mpaka kwenye mita.

Mabomba yanayopita uani

Kwa sheria, dhamana hiyo ipo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inaweka majisafi na majitaka chini ya mamlaka zilezile, na mdhibiti, EWURA, anapima utendaji wao kwa vyote viwili. Mbezi Beach mtambo wa kisasa wa majitaka umejengwa pamoja na mtandao wake wa mabomba, kwa fedha za Benki ya Dunia. Ni hatua. Swali gumu liko kwenye mitaa ambayo bomba kubwa la kawaida, linalotaka mtaro wa kina cha mita kadhaa na barabara pana ya kuuchimbia, halipiti bila kubomoa nusu ya nyumba.

Vingunguti imejaribu jibu. Katika miaka ya 2010 shirika la CCI pamoja na Shirikisho la Wakazi Maskini Mijini lilileta mfumo wa mabomba membamba uliobuniwa kaskazini-mashariki mwa Brazili mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuchanganya na uzoefu wa Orangi, mtaa wa Karachi ambako tangu 1980 wakazi, wakichochewa na mwanazuoni Akhtar Hameed Khan, walijijengea mabomba ya majitaka uchochoro kwa uchochoro.

Mantiki yake ni ya uani. Bomba kubwa hufukiwa chini sana kwa sababu linapita chini ya malori. Bomba linalopita nyuma ya nyumba halikanyagwi na lori, hivyo linaweza kuwa jembamba na kufukiwa kina kifupi, likifuata mteremko wa ardhi ulivyo. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo nyuma ya ua, bomba hutoka choo hadi choo, ua hadi ua, likiwa na chemba ndogo za kuzibulia, hadi kwenye mabwawa ambayo kwa Vingunguti yako mtaani kwao. Mafundi wa mtaa wanaweza kuchimba na kulaza bomba wenyewe. Likiziba, aliyelizibisha anajulikana.

Kaya za mwanzo zilizounganishwa zilikuwa chache, na ugumu haukuwa bomba. Ulikuwa maelewano. Mwenye nyumba mmoja akikataa bomba lisipite uani kwake, wote walio juu yake wanakwama. Wengi wa wanaotumia choo ni wapangaji, na mpangaji hachangii choo cha nyumba asiyojua kama atakuwamo mwakani. Mwenye nyumba anaishi Mbagala au Tabata na choo cha Vingunguti hakimnukii. Shirikisho lilitumia vikundi vyake vya kuweka na kukopa: mwenye nyumba anakopa gharama ya kuunganisha, analipa kidogokidogo kila mwezi, na kwa wengine marejesho yanatoka kwenye kodi. Mtu akilinganisha na tripu za gari la majitaka, au na vijana wa usiku, hesabu inaanza kukubali.

Jambo hilo haliwezi kubaki kazi ya asasi na vikundi peke yake, kwa sababu mtaa mmoja ukiunganishwa na wa juu yake ukaendelea kutapisha, kipindupindu hakitatambua mpaka. Linataka mamlaka ya maji iweke bomba la uani kwenye mipango yake kama inavyoweka mita. Ada ya kuunganisha ilipwe kwa awamu kwenye bili ya kila mwezi. Magari na vikundi vya kutoa tope visajiliwe na kupewa mahali pa karibu pa kumwaga, ili mfereji usiwe na faida kuliko bwawa. Na linataka halmashauri zitenge ardhi ya mabwawa sasa, katika kata za pembezoni ambako bado kuna mashamba ya mihogo. Bwawa la Kidunda litakapojaa, litaongeza maji mjini, na pamoja nayo maboza mengine ya majitaka kila siku. Viwanja vya kuyapokea Chanika, Mbondole na Bunju vinauzwa leo kwa hatua za miguu, na kila kinachouzwa hakitarudi kuwa bwawa.